Amani na Kalamu ya Kuomba: Historia ya Fedha za Ruzuku katika Milima Yetu

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki, desturi ni kuandika juu ya tani za mazao, maghala yaliyojengwa na wenyeviti waliotutangulia. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine. Sisi tumepewa kazi ya kueleza historia ya jambo ambalo wanachama wengi huliona kuwa ni la makarani tu, nalo ni uandikaji wa maombi ya fedha za ruzuku. Tumelikubali kwa furaha, kwa kuwa hapana mahali katika Mkoa wa Tanga, na labda katika nchi nzima, palipofunguliwa, pakafungwa, pakafufuliwa na kubadilishwa kwa nguvu ya maombi yaliyoandikwa kama hapa Amani.

Kwanza tuondoe shaka moja. Ruzuku si mkopo. Mkopo una riba na tarehe ya kurudishwa, na chama cha ushirika hakiwezi kukopa kupita ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Ruzuku hairudishwi. Lakini asidhani mtu kwamba hailipwi. Hulipwa kwa ahadi, na ahadi zenyewe zimeandikwa katika lile andiko la maombi, aghalabu na mtu mmoja, usiku, katika lugha ambayo wengi wa wenye mashamba hawaisomi. Tutakayoyasimulia yataonyesha kwamba mkulima wa milima hii amekwisha kulipa mara nyingi ahadi ambazo hakuziandika.

Wadachi waliijenga Amani mwaka 1902, ikawa Taasisi ya Kifalme ya Elimu ya Viumbe na Kilimo, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Dk. Franz Stuhlmann. Mahali palichaguliwa juu, yapata meta 900 kutoka usawa wa bahari, penye mvua na baridi ya kutosha Wazungu. Ilipandwa miti ya kigeni ya aina mamia, mikwinini, mipira, kahawa, viungo na chai. Fedha zilitoka katika hazina ya koloni, ambayo kila mwaka makisio yake yalijadiliwa na Bunge la Ujerumani, Reichstag, mjini Berlin. Hoja ya watawala ilikuwa nyepesi kueleweka. Miaka michache nyuma, mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge kutoka Marekani. Katika miche 1,000 iliyotumwa, 62 tu ilifika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyofunika pwani yote ya Tanga. Mwenye mfano kama huo mkononi hahitaji maneno mengi ya kumshawishi mwenye fedha.

Twataja na upande wa pili. Katika miti iliyopandwa Amani zama zile mmo pia mti uitwao kwa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, ambao baadaye ulitoka katika viunga na kuingia msituni, ukasongamana kila palipokatwa miti ya asili, na hata leo wataalamu wa misitu wanautafutia dawa. Hapana shaka wakati ule ulionekana kuwa jambo jema.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Amani ilitengeneza vitu ambavyo meli hazikuweza tena kuvileta, na gome la mkwinini likageuzwa dawa ya malaria kwa askari. Mwaka 1916 Waingereza wakaitwaa nchi ya Tanga. Walikuta maabara, maktaba, mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, na msitu mzima wa miti ya majaribio. Hawakujua la kuifanyia. Serikali mpya ya Tanganyika ilikuwa haina fedha, na katika miaka ya 1920 ya mwanzo, walipotafuta mahali pa kubana matumizi, Amani ikawa mahali rahisi pa kubana. Wataalamu wakaondoka. Kazi ikasimama.

Hapa ndipo panapoanza sehemu ya historia hii ambayo twaona inafaa kusomwa na kila katibu wa chama cha msingi.

Mwaka 1924 Serikali ya Uingereza ilituma Tume kuzunguka Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake alikuwa William Ormsby-Gore, na wenzake walikuwa Meja A. G. Church na F. C. Linfield, kila mmoja kutoka chama chake cha siasa. Church alikuwa amefanya kazi ya uongozi katika chama cha wafanyakazi wa sayansi cha Uingereza, na yamkini ndiyo sababu mambo ya maabara hayakumpita. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1925. Jambo kubwa ndani yake lilikuwa reli na barabara, na kutokana nalo Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1926 sheria ya kudhamini mikopo ya pauni milioni 10 kwa nchi za Afrika Mashariki. Kando ya mamilioni hayo, Amani ilikuwa jambo dogo. Walakini Tume iliiandikia kwa masikitiko makubwa, ikashauri ifunguliwe tena.

Mwaka 1927 ikafunguliwa kweli, kwa jina la Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki, chini ya William Nowell. Nchi za Afrika Mashariki zilichangia, na fedha nyingine zilitoka katika Bodi ya Masoko ya Dola ya Kiingereza, iliyoundwa mwaka 1926.

Tujiulize kwa nini ombi hili lilisikilizwa, hali maombi mengine mengi ya miaka ile yalioza katika mafaili. Sisi twaona sababu tatu. Ya kwanza, hawakuomba kuanza jambo. Waliomba kuokoa jambo. Maktaba ilikuwapo, miti ilikuwapo, nyumba zilikuwapo, na kila mwaka uliopita vyote hivyo vilipungua thamani. Hasara ilikuwa inaonekana kwa macho. Ya pili, hawakusema kwamba Tanganyika peke yake itafaidika. Ugonjwa wa mmea haujui mpaka wa Kenya wala wa Uganda, na kwa hiyo wakashauri mzigo ugawanywe kati ya serikali zote. Mchango mdogo wa kila mmoja ukawa fedha ya kutosha. Ya tatu, nayo ndiyo wanachama wetu huisahau, maneno hayo yaliandikwa na watu ambao hawakuwa na mshahara Amani. Ombi la mwenye njaa husikilizwa kwa sikio moja; ushuhuda wa mgeni asiye na faida husikilizwa kwa masikio mawili. Ndiyo maana siku hizi mfadhili hutaka kuona hesabu zilizokaguliwa na COASCO, shirika lililoundwa na sheria ya mwaka 1982 kukagua vyama vya ushirika, kabla hajasoma hata ukurasa wa kwanza wa sifa zetu wenyewe.

Je, fedha zile zilizaa nini? Mwaka 1928 alikuja H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Alichunguza ugonjwa wa michirizi ya mahindi na ule wa batobato ya muhogo, na mwaka 1936 akaandika kwa mara ya kwanza juu ya michirizi kahawia ya muhogo, ugonjwa ambao wakulima wa pwani wanaujua kwa uchungu wakati wa kuchimba, shina likiwa zuri na kiazi ndani kimeoza. Pamoja na wenzake, kina R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, walianza kuzalisha mihogo yenye nguvu ya kushindana na magonjwa hayo. Walichofanya ni kuuchanganya muhogo na mpira, yaani ule mti wa utomvu ambao Wadachi waliupanda kwa wingi kabla bei yake haijaanguka mwaka 1913, na ambao majani yake mama zetu huyapika mpaka leo wakayaita kisamvu cha mpira. Mti uliowafilisi walowezi ukawa mjomba wa muhogo wetu.

Kazi hiyo iliendelea hadi 1957. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, zikatoa uzao ulioitwa kwa namba 58308, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ibadan, IITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilitumia uzao huo kuzalisha aina zilizoenea barani. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda, aina zenye damu hiyo zilikuwa miongoni mwa zilizowarudishia watu chakula. Hayo yote hayakutabirika mwaka 1925. Kama Tume ingalidaiwa kuandika idadi ya wakulima watakaonufaika katika miaka mitatu, kama tunavyodaiwa sisi sasa, ingaliandika sifuri au ingaliandika uongo.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo hatuwezi kulipita. Mwaka 1929 Uingereza ilitunga Sheria ya Maendeleo ya Makoloni, ikatenga hadi pauni milioni 1 kwa mwaka. Mtu akisoma jina atadhani ilitungwa kwa huruma juu ya makoloni. Nia yake kubwa ilikuwa kupunguza ukosefu wa kazi kwao: koloni likipewa fedha za daraja, chuma cha daraja kinunuliwe Uingereza. Maafisa waliolijua hilo waliandika maombi yenye mashine na vyuma, wakapata. Waliotaka walimu na watafiti walipata shida zaidi. Bodi ya Masoko nayo ilivunjwa mwaka 1933, na vituo vilivyokuwa vikiitegemea vikabaki kutafuta mlango mwingine. Hatimaye sheria ya mwaka 1940 ikaleta utaratibu mwema zaidi: pauni milioni 5 kwa mwaka za maendeleo, na pauni 500,000 za utafiti peke yake, zisizoguswa kwa jambo jingine. Mwaka 1945 ikafuata sheria ya pauni milioni 120 kwa miaka 10, na kila nchi ikatakiwa kuleta mpango wake wa maandishi. Kituo cha kilimo kilihamia Muguga, Kenya, kuanzia mwaka 1948; Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria, na baadaye ikaingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Kila mwenye kutoa, basi, ana haja yake. Hilo si kosa, wala si siri. Kosa ni muombaji kutoitambua haja hiyo, au kuitambua akaijaza ndani ya andiko mpaka haja yake mwenyewe ikakosa nafasi. Mfano wa kosa hili la pili tunao karibu.

Katika miaka ya 1970 ya mwisho, nchi ya Ufini ilianza kusaidia viwanda vya mbao vya Tanga. Ufini ni nchi ya misitu na mashine za misitu. Tanzania ilitaka mbao na fedha za kigeni. Maombi na haja vikakutana. Matrekta yakapanda milima yetu, na magogo makubwa yakashuka. Kwa karatasi mradi ulikuwa mzuri, kwa maana ulipimwa kwa meta za ujazo wa mbao, na mbao zilipatikana. Lakini andiko halikuwa na mstari wa kupima maji. Mto Zigi, unaozaliwa katika misitu hii, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowanywesha watu wa Tanga mjini. Katika miaka ya 1980 wataalamu na wapenda misitu walipaza sauti. Mwaka 1986 na 1987 misitu ikakaguliwa, na ukataji wa mashine ukasimamishwa. Ni haki kusema kwamba Ufini haikukimbia. Nchi ile ile iliyoleta misumeno ikagharimia uhifadhi, toka mwaka 1991 hadi 2002, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa, yenye hekta 8,380, zikiwamo sehemu za msitu zilizokuwa mali ya kampuni ya chai.

Wazee wetu walishuhudia, katika muda usiofika miaka 20, maandiko mawili yenye kupingana, yote mawili yakisema kwamba ni kwa faida ya wananchi. Asitulaumu mtu tukisoma la tatu polepole.

Na la tatu lilikuja, nalo ni Derema. Hapa wanachama wetu wengine wanajua zaidi kuliko sisi, kwa hiyo tutasema kwa adabu. Kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini ulikuwapo ukanda wa msitu, karibu hekta 960, ambao wakulima wa vijiji vitano, yaani Kisiwani, Kwemdimu, Kwezitu, Kambai na Msasa IBC, walikuwa wamepanda iliki chini ya miti mikubwa. Wahifadhi waliuhitaji ukanda huo ili wanyama na mimea visitengwe kama visiwani. Wakulima waliuhitaji kwa sababu iliki ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba. Ilikubaliwa kwamba wakulima walipwe fidia.

Tangu mwaka 2001 mipaka ikaanza kupimwa. Makisio ya kwanza ya fidia yalikuwa madogo mno. Mimea ilipohesabiwa shina kwa shina, gharama ikapanda mbali kuliko fedha zilizowekwa. Mradi wa Ufini ukafika mwisho wake mwaka 2002, fidia ikiwa bado kubwa haijalipwa. Ikabidi Serikali itafute wafadhili wengine, Benki ya Dunia ikiwamo, na kila mmoja akaja na masharti yake na karatasi zake. Wakulima zaidi ya 1,100 walihusika, na malipo hayakukamilika mpaka mwaka 2008. Katika miaka hiyo ya kungoja mtu hakuruhusiwa kulihudumia shamba lake kama zamani, na fedha hajazipata. Waliahidiwa pia ardhi mbadala katika shamba la zamani la mkonge la Kibaranga, huko chini tambarare, penye joto, ambako iliki haioti.

Hatusemi haya kwa kufufua ugomvi. Twayasema kwa kuwa chanzo cha mateso hayo, kwa sehemu kubwa, kilikuwa safu moja ya makisio. Mtu aliandika tarakimu bila kuhesabu mashina. Kama wakulima wangaliulizwa, kila mmoja angaliweza kutaja idadi yake, maana hapana mwenye iliki asiyejua mashina yake. Katika maandiko ya maombi, sehemu ya makisio ndiyo husomwa mwisho na wenye kuandika, na husomwa kwanza na wenye kutoa. Sisi tungependa isomwe kwanza na wenye mashamba.

Tutataja mradi mmoja zaidi, kwa ufupi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi misitu, TFCG, wakulima wa Amani walianza kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo kwa mabanda ya maonyesho. Ulikuwa mradi mwema, wenye kipato kwa akina mama na usioukata msitu. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia katika amri hiyo pamoja na nyani na kasuku. Soko likafungwa kwa siku moja. Maandiko mengi yana sehemu iitwayo ya hatari na vikwazo, na waandishi huijaza kwa maneno mepesi: mvua kuchelewa, barabara kuharibika. Baada ya vipepeo, hapana chama cha milima hii kinachoweza kuacha kuandika mle kwamba soko moja na kibali kimoja ni nguzo moja.

Tukirudi kwa Chama chetu, katika miaka hii 10 swali linaloulizwa mara kwa mara mikutanoni ni kwa nini wengine wanapata na sisi hatupati. Wengine husema tuajiri bingwa wa kuandika Kiingereza kizuri. Hatukatai, andiko lenye makosa ya lugha humchosha msomaji. Lakini katika historia yote tuliyoipitia hatukuona ombi lililofaulu kwa uzuri wa lugha. Tume ya 1924 ilifaulu kwa kuonyesha kitu kilichopo kinachoharibika. Derema iliumiza kwa tarakimu mbaya, hata kama Kiingereza chake kilikuwa fasaha.

Tuchukue ukaushaji wa iliki, jambo linalozungumzwa katika kila chama cha msingi. Tukiandika kwamba wakulima wetu ni maskini na wanaomba mitambo, tutakuwa tumeandika kama kila mtu. Tukiandika kilo ngapi za iliki mbichi hutoa kilo moja kavu katika majiko yetu ya sasa, mizigo mingapi ya kuni huchomwa kwa gunia moja, kuni hizo hutoka wapi, bei gani hukatwa kwa iliki iliyoungua au kunusa moshi, na wanachama wenyewe watatoa nini, iwe matofali, mchanga, kiwanja au siku za kazi, hapo mwenye haja ya msitu ataona msitu wake, mwenye haja ya maji ya Tanga ataona maji yake, na sisi iliki yetu itabaki katikati ya ukurasa. Ni lazima pia tuseme nani atalipa fundi mwaka wa nne, fedha za mgeni zikiisha. Tukishindwa kulijibu hilo, ni heri tusipeleke andiko.

Na liandikwe kwanza kwa Kiswahili, lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu pamoja na makisio yake, likosolewe, kisha ndipo lifasiriwe. Twajua kwamba utaratibu huu unachelewesha, na tarehe za wafadhili hazingoji. Wakulima wa Derema walingoja miaka zaidi ya mitano. Halmashauri inaweza kungoja majuma mawili.

Hesabu zinazotakiwa hazipo ofisini kwetu Chama Kikuu. Ziko katika madaftari ya mizani ya vyama vya msingi, mengine yameandikwa vizuri, mengine yameliwa na mchwa, na mengine, twasema kweli, hayajafunguliwa tangu mwenye kuyaandika alipohama. Makatibu waombwa kuanza na misimu mitatu ya karibuni: uzito wa mbichi, uzito wa kavu, idadi ya waliouza, na bei ya siku ile. Kuni zipimwe kwa mizigo, gunia kwa gunia, na wanaokausha wenyewe, kwa kuwa hapana mwingine ajuaye.